Mgahawa Ulioniambia "Hakuna"

Mara ya kwanza nilitoka kwenye mgahawa ule nimenuna. Nilikuwa nimeweka nafasi wiki mbili kabla, na bado nilisimama mlangoni karibu nusu saa nikisubiri meza. Nilipoketi, mhudumu akaniambia nyanya hakuna. Juisi ya machungwa hakuna. Ile omleti ya pilipili hoho niliyoiona kwenye picha za rafiki yangu haipikwi tena mpaka kiangazi. Nikatazama nje dirishani, mji mzima huo unaopata kila kitu saa yoyote, nikajiuliza huu ni mgahawa wa namna gani unaokosa nyanya wakati maduka yote yanazo. Nikala nilicholetewa bila hata kukionja sawasawa, nikalipa, nikaondoka.

Sasa ni miaka kadhaa nimekuwa nikirudi palepale, karibu kila mwezi, siku ya Jumapili. Naandika haya kwa sababu naona watu wakiingia kwenye migahawa inayojiita ya "shambani hadi mezani", yaani inayosema inanunua moja kwa moja kwa wakulima, wakiwa na mategemeo niliyokuwa nayo mimi, kisha wanatoka na hasira ileile. Wengine wanatoka wamefurahi kabisa, kumbe wamedanganywa, na hao ndio wanaoniuma zaidi.

Kwanza kidogo kuhusu mlo wenyewe ninaokwenda kuula pale Jumapili, yaani branchi. Branchi inakaa katikati ya kiamshakinywa na chakula cha mchana, na kwa kawaida huliwa wikendi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jina hilo lilitokea gazetini Uingereza mwaka 1895, pale Guy Beringer alipoandika makala katika Hunter's Weekly akiutetea mlo huo. Alitaka watu waachane na ule mlo mzito wa Jumapili baada ya ibada, waanze na vyakula vyepesi karibu na adhuhuri, ili hata aliyekesha Jumamosi usiku apate nafuu. Hoja yake moja imenikaa: alisema mlo huu unawafanya watu wazungumze. Kwangu imekuwa kweli. Karibu yote ninayoyajua kuhusu chakula cha shambani nimeyapata kwa maongezi ya mezani pale, menyu ilinifundisha kidogo sana.

Na kuna jambo la pili ambalo ilinichukua muda kuliona. Chakula cha branchi ni cha kawaida mno: yai, mkate, siagi, majani mabichi, tunda, kahawa. Usiku mpishi anaweza kujificha nyuma ya mchuzi uliokaa jikoni tangu asubuhi, nyuma ya viungo, nyuma ya nyama iliyolazwa kwenye siki siku nzima. Asubuhi hana pa kujificha. Yai limepasuliwa ndani ya maji ya moto, likawekwa juu ya mkate, basi. Ndiyo maana nikitaka kujua kama mgahawa unanunua kweli kwa wakulima, siendi jioni. Nakwenda branchi, naagiza yai.

Hilo nilifundishwa na shangazi yangu.

Shangazi amefuga kuku wa mayai kwa zaidi ya miaka 30. Alikuja kukaa nasi mjini kwa miezi kadhaa, na wiki za mwanzo alichoka kukaa ndani, akawa anashinda dirishani. Jumapili moja ya majira ya kuchipua nikaamua kumtoa. Nilimpeleka pale kwa sababu ndio mgahawa pekee niliokuwa naufahamu wenye neno "shamba" kwenye kibao chake, nikadhani litampendeza.

Hakuisoma menyu. Aliifunga, akaiweka pembeni ya chumvi, akamtazama kijana aliyekuja kutuhudumia.

"Mwanangu, mayai haya yametagwa lini?"

Nilitaka kuingilia kati nimsaidie yule kijana. Kabla sijafungua mdomo alishajibu, "Naomba dakika moja, mama," akaingia jikoni. Aliporudi alisema, "Ni ya Alhamisi na Ijumaa. Mkulima huleta Jumamosi asubuhi, kwa hiyo ya jana bado yako kwake."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Nipe mawili, yapikwe ndani ya maji."

Yalikuja juu ya kipande kinene cha mkate wa chachu ya asili, umechomwa hadi kingo zikawa nyeusi kidogo, na katikati majani ya spinachi yaliyopitishwa kwenye siagi. Mimi nilishashika kisu. Shangazi alikuwa bado ameinamia sahani, analigusa yai kwa mgongo wa uma. Nikatazama alichokuwa anakitazama. Ute ulikuwa umejikunja kuzunguka kiini, umekibana kama kifuko kilichofungwa vizuri, bila nyuzi nyeupe za kuning'inia pembeni. Alipolibonyeza lilicheza, likarudi mahali pake.

"Hajakudanganya," akaniambia. "Yai likikaa, ute wake unageuka majimaji. Ukilitia kwenye maji ya moto linatawanyika, unabaki unachota vipande. Hili hata wiki halijamaliza."

Kisha akanieleza, huku anakula, mambo ambayo nilikuwa nimekula mayai maisha yangu yote bila kuyajua. Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu. Tangu siku linapotagwa, unyevu na hewa ya kaboni dioksidi vinatoka polepole kupitia vitundu hivyo, na hewa ya nje inaingia. Ule uwazi ulioko kwenye ncha butu unazidi kukua, ute mzito unalegea. Ndiyo sababu yai jipya ukilitia kwenye bakuli la maji hulala chini, lililokaa husimama wima, na la zamani sana huelea. Ndiyo sababu vilevile yai la kuchemsha likiwa jipya ni shida kulimenya: ganda linang'ang'ania na kuondoka na vipande vya ute. Yule mhudumu alikuwa amesimama anasikiliza, akasema kumbe ndiyo maana jikoni wanatenga trei ya wiki iliyopita kwa ajili ya mayai ya kuchemsha ya saladi. Alikuwa anaona trei hiyo kila siku na hakuwahi kuuliza.

Kiini kilipopasuka kilikuwa cha rangi ya machungwa iliyokolea. Nikasema kwa kujiamini, "Unaona rangi hiyo, Shangazi? Hao ni kuku wanaotembea nje."

"Hiyo rangi ni chakula chao tu," akasema. "Kuku akila majani na mahindi ya njano kiini kinakolea. Na aliyefungiwa ndani, akichanganyiwa unga wa maua ya marigodi kwenye chakula, chake kitakolea vilevile. Rangi ya ganda nayo ni mbegu ya kuku, haikuambii alivyolelewa. Mtu akitaka kukudanganya ataanza na rangi, maana ndiyo wateja wanaiangalia."

Nilinyamaza. Kwa miaka nilikuwa nachagua mayai kwa rangi ya ganda na kuwaambia wenzangu wafanye hivyo.

Kitu cha pili kilicholetwa siku ile ni bakuli dogo la njegere. Zilikuwa mbichi, zimemenywa, zimenyunyiziwa mafuta ya zeituni, chumvi na majani ya mnanaa. Nilikuwa nachukulia njegere kama kitu cha kujazia sahani. Nikatia moja mdomoni, ikapasuka, ikaacha utamu ambao sikuutarajia kwenye mboga. Nikatia nyingine. Shangazi alicheka, akasema yeye hubandika sufuria kwanza, maji yakianza kuchemka ndipo anakwenda kuchuma njegere. Nikadhani ni uharaka wake tu. Baadaye nikajua ana hoja nzito. Njegere ikishachumwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha kazi hiyo. Mahindi matamu nayo ni hivyohivyo. Kile tunachokiita ladha ya shambani, kwa mazao haya, kwa kweli ni muda: saa ngapi zimepita tangu mkono wa mtu ulipoyachuma.

Hapo ndipo nikaelewa habari ya nyanya zangu. Nyanya za kusafiri mbali huchumwa bado ngumu ili zisipondeke njiani, kisha zinaivia kwenye ghala. Na zikikaa siku nyingi kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi joto 12 hivi za Selsiasi, uwezo wake wa kutengeneza harufu unadhoofika, na sehemu kubwa ya ladha ya nyanya ni harufu. Mgahawa ule ungeweza kununua nyanya siku niliyonuna. Waliamua kutonunua. Mimi nilikuwa nimeliona neno "hakuna" kama uzembe, kumbe ndilo neno lililowagharimu zaidi kulisema, maana kila mteja aliyenuna kama mimi ni mteja ambaye huenda harudi.

Mhudumu lazima alisimulia jikoni, kwa sababu kahawa ilipoletwa mpishi mkuu mwenyewe alitoka kumsalimia Shangazi. Walizungumza kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Alimweleza kwamba kila Alhamisi usiku anawapigia simu wakulima wanne, wanamtajia kilichoiva, kilichoharibika kwa mvua na kilichobaki kidogo. "Mimi nasikiliza simu, ndipo nakaa chini naandika menyu," alisema. Shangazi akamwuliza kwa nini mkate una ladha ya uchungu kidogo. Akasema nusu ya unga ni rai, nafaka ya jamii ya ngano. Mkulima mmoja hupanda rai kulifunika na kulipumzisha shamba, zamu ya mboga inapokwisha, na kwa miaka mingi alikuwa hana wa kumuuzia nafaka hiyo. "Nikichukua karoti zake tu na kumwachia rai, namsaidia nusu, na ile nusu ngumu nimemwachia mwenyewe."

Maneno hayo yalinifanya nianze kusoma. Nikakuta kwamba hoja ya yule mpishi ina historia ndefu kuliko umri wake. Huko Berkeley, California, Alice Waters alifungua mgahawa wa Chez Panisse mwaka 1971, na kwa chakula cha jioni mgeni alikuta menyu moja tu, ya siku hiyo. Hakuna kuchagua. Ukifika unakula kilichopatikana. Miongo mitatu baadaye, mwaka 2004, mpishi Dan Barber na familia yake walifungua Blue Hill at Stone Barns, kaskazini mwa jiji la New York, ndani ya shamba lenyewe, na pale wageni wakaja kuzoea kuketi bila kupewa menyu ya kuchagulia. Barber amekuwa akisema kwa miaka mingi kile alichokisema mpishi wetu kuhusu rai: haitoshi kuchukua mazao matamu ya shamba bora, lazima tule na yale yanayourutubisha udongo, la sivyo mkulima hawezi kuendelea kuyapanda. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaionja hoja hiyo kabla ya kuisoma.

Kwa bahati mbaya shauku yangu ilinipeleka pengine. Nilianza kuzunguka migahawa mingine ya aina hiyo mjini, na kwenye mmoja, nisiotaka kuutaja, nilipata funzo chungu. Palikuwa pazuri. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa mweusi, majina ya mashamba sita yameandikwa kwa chaki na mwandiko wa kuvutia, na meza za mbao nene zenye visufuria vya maua. Niliagiza yai la ndani ya maji na asparagasi, ile mboga ya vijiti vya kijani. Ilikuwa katikati ya majira ya majani kupukutika. Asparagasi huchipua shambani kwa wiki chache tu za majira ya kuchipua, na nilishajifunza hivyo kwa kuikosa kule kwetu. Nikauliza imetoka wapi.

"Kwa wakulima wetu wa jirani," mhudumu akasema.

"Huletwa siku gani?"

"Kila siku."

"Na leo ni kipi kimeisha?"

Akatabasamu kwa fahari kabisa. "Hapa hakuna kinachoisha."

Yai lilipofika lilikuwa limetandazika kwenye mkate, nyuzi za ute zimekauka pembeni ya sahani. Sikuhitaji kumpigia Shangazi simu.

Wiki hiyohiyo nilikwenda soko la wakulima siku ya Jumamosi, nikatafuta kama kuna kibanda chenye jina mojawapo kati ya yale sita. Nilikipata. Mama mwenye kibanda alikuwa anapanga vitunguu kwa ukubwa. Nikamwuliza kama anawauzia wale. Hakuinua kichwa mara moja. Akasema aliwauzia saladi kwa msimu mmoja, miaka miwili nyuma. Wakaacha kuagiza. Alishawaomba waliondoe jina lake, wakasema watalifuta, na mpaka leo wateja wanakuja kibandani wakimsifu kwa mboga asizozilima.

"Wanauza jina langu," akasema. "Mboga zangu ziko hapa."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mteja anayedanganywa anapoteza mlo mmoja. Mkulima anapoteza mara mbili: haoni fedha ya mauzo, na sifa aliyoijenga kwa kuamka kabla ya jua inatumiwa kuuzia mazao ya mtu mwingine. Na kibaya zaidi, ule mgahawa mwingine unaokubali kusema "hakuna" unaonekana dhaifu ukilinganishwa na huu unaosema kila kitu kipo.

Sikuwa nimeona jambo la pekee. Mwaka 2016 Laura Reiley, mhakiki wa vyakula wa gazeti la Tampa Bay Times la Florida, alichukua madai yaliyoandikwa kwenye menyu za migahawa ya eneo lake, akayafuatilia moja moja hadi kwa wakulima na wasambazaji waliotajwa. Alikuta madai mengi hayasimami. Wakulima walimwambia hawauzii mgahawa fulani, au waliacha zamani. Samaki wengine aliwapeleka maabara kupimwa vinasaba, ikaonekana si wale walioandikwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa vitunguu, nikaona alivyo na wenzake wengi.

Hata lile neno "karibu", la chakula kilichotoka jirani, lina urefu wake. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2008, katika mpango mmoja wa mikopo, ilikihesabu chakula kuwa cha karibu ikiwa kimesafirishwa chini ya maili 400 kutoka kilipozalishwa, yaani takriban kilomita 640, au hakijavuka mpaka wa jimbo kilikozalishwa. Hiyo ni safari ya kutwa nzima kwa lori. Mgahawa unaweza kuliandika neno hilo kwenye menyu bila kuvunja sheria yoyote, na njegere zikawa zimegeuka wanga njiani.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza, kabla sijauliza chakula gani ni kizuri, ni hili: leo nini kimeisha? Nauliza kwa upole, maana mhudumu hana kosa hata kama jikoni kuna kosa. Nasikiliza anavyojibu. Palipo na mkulima wa kweli, jibu huja na siku na sababu: mvua ilipiga maua ya stroberi, mbuzi wamepumzishwa kukamuliwa, uyoga ulikuja kilo tatu tu na meza za asubuhi wamezimaliza. Pasipo na mkulima, jibu huja na sifa. Nimeuliza hivi pengi, na kufikia sasa sijaona swali linalofungua mlango wa jikoni haraka kama hilo. Nilishapikiwa hadi vitu visivyo kwenye menyu kwa sababu tu niliuliza.

Siwataki watu wawe wakali kupita kiasi, lakini. Kahawa inastawi kwenye nchi za joto tu, na chumvi haioti shambani. Mgahawa wa kweli hauoni aibu kusema kahawa yetu imetoka mbali, hili ndilo jina la ushirika wa wakulima walioilima. Vilevile mabaki. Branchi ya Jumapili inakuja baada ya Ijumaa na Jumamosi usiku, ambazo jikoni ni siku za kazi nyingi kuliko zote, na ni jambo la zamani kwa wapishi kumalizia masalio kwenye menyu ya asubuhi. Watu wengi wakisikia hivyo wanashtuka. Mimi nilishaambiwa waziwazi na mhudumu wetu kwamba viazi na karoti zilizo kwenye kikaango na yai juu yake zimebaki kwenye choma ya jana usiku. Nikaziagiza kwa moyo mkunjufu. Mkulima aliyeng'oa karoti ile kwa mkono hakuing'oa ili itupwe Jumapili asubuhi, na karoti iliyolala usiku mmoja baada ya kuchomwa inazidi kuwa tamu ikirudishwa motoni. Tatizo ni kuficha. Kukisema kilicho kwenye sahani, hata kama ni cha jana, ni heshima.

Na mtu asidhani lazima awe na uwezo wa kwenda mgahawani ili ayaone haya. Mimi mwenyewe mgahawani nakwenda mara moja kwa mwezi, na miezi mingine nashindwa. Soko la wakulima nakwenda kila Jumamosi. Katika jiji la New York masoko ya Greenmarket yalianza mwaka 1976, na lile la Union Square limejulikana kwa kitu kinachonifurahisha sana kukifikiria: wapishi wa migahawa mikubwa na wakazi wa kawaida wananunua kwenye meza zilezile, asubuhi ileile. Vitunguu vya yule mama ninavipika nyumbani kwenye sufuria yangu, na yai lake likiingia kwenye maji ya moto linajikunja kama lile la siku ya kwanza.

Shangazi alirudi kwake, akaja tena mwaka uliofuata, safari hii wakati wa baridi. Alitaka mwenyewe twende pale. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi bado kwenye vioo vya madirisha, na mlangoni safari hii hapakuwa na foleni. Mhudumu alikuwa yuleyule. Alimkumbuka. Akamwamkia, akamvutia kiti, kisha akasimama na daftari lake bila kuandika, na nikamwona anatafuta maneno.

"Mama, leo mayai hakuna," akasema. "Mkulima ameleta trei mbili tu wiki nzima, zimeisha jana."

Meza ya pili kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa koti la kazi nzuri, amekuja na watoto wawili. Alikuwa ameshaambiwa kabla yetu. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba branchi bila mayai haijawahi kuwa branchi, na kwamba mji huu hauwezi kukosa mayai. Alikuwa na haki ya kushangaa. Nilimtazama nikakumbuka nyanya.

Shangazi hakushangaa. Alitazama dirishani, akahesabu kitu kichwani. Baadaye ndipo aliponieleza: kuku ili atage vizuri anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Siku zikifupika mwili wake unapunguza kazi, na kuku aliyekomaa hunyonyoka manyoya, anavaa mapya, na wakati huo anaacha kutaga kabisa. Wafugaji wengi huwasha taa bandani kuziba pengo hilo, na yeye mwenyewe anasema hawalaumu, kila mtu ana hesabu zake. Huyu mkulima wa mgahawa hawashi. Anawaacha wapumzike.

Lakini pale mezani hakusema lolote kati ya hayo. Alimwuliza mhudumu jambo moja tu.

"Manyoya mapya yameanza kuota?"

Kijana akatabasamu. "Mkulima anasema yameanza."

"Vizuri." Shangazi akavua skafu, akaikunja magotini, akaisogeza menyu pembeni ya chumvi kama alivyofanya mara ile. "Basi mwanangu, tuletee kilichopo."